Zamu ya Maji Taka

Kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya kengele ya kwanza, Kendi alibeba nusu gunia la karoti mgongoni hadi jikoni mwa shule. Mama yake, Makandi, ndiye aliyepewa kazi ya kuiletea shule karoti tangu wazazi walipokubaliana kwamba kila mwanafunzi apate moja mbichi wakati wa mapumziko, ili watoto wawe na afya. Mpishi, Mama Ruguru, alikuwa akiinua moja na kuigeuzageuza dirishani.

"Makandi anazisugua na nini hizi?" alisema. "Zinang'aa mpaka naona aibu kuziweka kwenye karai langu."

Kendi alicheka tu. Alijua karoti zilivyooshwa na zilikooshewa, lakini hilo halikuwa jambo la kumwambia mpishi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya sita, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: watu wazima walimwamini. Ukimtuma dukani, analeta ulichosema. Ukimwuliza jambo, anakujibu akikutazama usoni. Sifa hiyo ni nzuri kwa mtoto, na ndiyo iliyokuja kuwaponza wengine.

Kathangene, mji wao, ni mji mdogo chini ya mashamba ya kahawa ya Githongo, barabara inapoanza kuteremka kuelekea Mitunguu. Una soko, zahanati, shule mbili na nyumba za kupanga zilizosongamana. Miaka michache iliyopita mji ulichimbiwa bomba la maji taka, linalokusanya uchafu wa vyoo na bafu zote na kuupeleka bondeni. Huko kuna mabwawa matatu yaliyozungushiwa seng'enge. Mlinzi wa mabwawa hayo, fundi wake na mfagiaji wake alikuwa mtu mmoja, Muthamia.

Binti yake Muthamia aliitwa Kaari, naye alikaa dawati moja na Kendi tangu gredi ya kwanza. Jumamosi wasichana hao walishuka kumpelekea Muthamia chai, naye alipenda kuwaeleza kazi yake kwa fahari kubwa. Aliwaonyesha chekecheo la vyuma mlangoni, alipokokota kwa reki matambara, chupa na mifuko iliyotupwa chooni na watu wasio na haya. Aliwaonyesha bwawa la kwanza, ambamo uchafu mzito hutulia chini na kuozeshwa na vijidudu. La pili lilikuwa la kijani kwa sababu ya mwani unaopenda jua. La tatu halikuwa na kina kirefu, ili jua lipenye mpaka chini na kuua vijidudu vya maradhi vilivyosalia.

"Maji yanatembea humu siku ishirini na tano," alisema. "Hayaharakishwi. Huko chini kuna watu wanachota mtoni, na wanatuamini ingawa hawatujui."

Shuleni watoto wengine walimcheka Kaari wakimwita mtoto wa choo. Kendi ndiye aliyemtetea, mara moja hata kwa ngumi.

Mwaka huo mvua ya Machi ilinyesha siku nne, ikatoweka. Mto ukapungua, na mfereji uliowaletea wakulima maji ya kumwagilia ukakauka kabisa. Wakulima wa mteremko ule walikuwa na chama cha mfereji, chenye mwenyekiti aliyeitwa Mugendi na daftari la zamu lililoandikwa kwa mwandiko safi. Kwa miaka mingi hakuna aliyegombania maji, kwa kuwa kila mtu alijua siku yake na saa yake. Ni utaratibu mzuri, na watu wa huko wanaujivunia kwa haki. Shida ni kwamba maji yalipoisha, utaratibu ulibaki ukitafuta maji mengine.

Bomba la maji taka lilipita juu kidogo ya mashamba yao, na hapo palikuwa na shimo lenye mfuniko wa chuma. Mugendi aliuinua mfuniko, akashusha kwa kamba gunia lililojaa udongo, likaziba bomba. Maji yakapanda, yakafurika, yakashika mfereji uleule wa zamani. Kisha akafungua daftari lilelile na kugawa zamu zilezile. Hata sala ya kufungulia maji iliendelea. Kofia zilivuliwa, vichwa vikainama, na Mungu akashukuriwa kwa kinyesi cha mji mzima.

"Hii ni mbolea," Mugendi aliwaambia waliosita. "Udongo unachuja kila kitu. Kwani mboga inajua maji yake yametoka wapi?"

Zamu ya Makandi ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, kunapopambazuka. Alimwagilia, akang'oa karoti, akazisugua kwa gunia kuukuu ndani ya mfereji huohuo mpaka zikang'aa. Kazi ya Kendi ilikuwa kukaa juu ya jiwe njiani. Akimwona Muthamia anapanda kutoka mabwawani, aimbe wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, ili wakubwa wavute gunia na kurudisha mfuniko.

"Mama, mbona sisi hatuli karoti zetu?" Kendi aliuliza siku moja.

"Hizo ni za kuuza," Makandi alijibu bila kumtazama. "Na ile unayopewa shuleni usiile. Itakuumiza tumbo."

Kendi hakuuliza tena. Tangu siku hiyo, alipopewa karoti yake mapumziko, alimpa Kaari. Kaari alizipenda kupita kiasi. Alikula mbili kila Jumanne na mbili kila Ijumaa, akimsukuma Kendi kwa bega na kumwambia hakuna rafiki kama yeye. Kendi alitazama pembeni. Alijua ya kutosha asiile mwenyewe, na hakujua ya kutosha amzuie mwenzake. Au alijua, akaogopa. Mambo hayo mawili yanafanana sana mtu akiwa na miaka kumi na miwili, lakini hayo si ya kumsaidia aliyekula.

Huko bondeni Muthamia alikuwa akihangaika. Asubuhi maji yalifika mlangoni kama mkojo wa mtoto, kisha mchana yakarudi kawaida. Bwawa la pili likageuka jeusi na kuanza kunuka. La tatu likakauka, tope lake likapasuka. Alitembea juu ya bomba lote akitafuta mahali palipopasuka, na kila alipofika shambani alikuta mfuniko mahali pake, watu wakipalilia, na wimbo wa Kendi ukiwa hewani.

Alhamisi moja alisimama mbele ya lile jiwe, gambuti zake zikiwa zimejaa vumbi.

"Kendi," alisema, "wewe uko hapa asubuhi. Umewahi kuona mtu akigusa ule mfuniko?"

 Nyuma yake Kendi alisikia jembe la mama yake likinyamaza.

"Hapana, Baba Kaari. Sijaona mtu."

Na alimtazama usoni alipokuwa akisema hivyo, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Sawa, mwanangu," Muthamia alisema. "Kama ungeona ungeniambia. Basi bomba limepasuka chini ya ardhi."

Akaenda kuchimba. Alichimba siku sita peke yake kutafuta ufa ambao haukuwapo.

Wiki iliyofuata madawati yalianza kubaki wazi. Kwanza mtoto mmoja wa gredi ya nne, halafu watatu, halafu tisa. Walilalamika kichwa na tumbo, na homa haikushuka hata wakinywa dawa za dukani. Zahanati ilipeleka damu kupimwa, majibu yakaja: homa ya matumbo. Kufikia mwisho wa wiki ya pili wagonjwa walikuwa kumi na saba. Kaari alikuwa wa kumi na mbili, na ndiye aliyezidiwa kuliko wote. Utumbo wake ulitoboka, akapasuliwa hospitalini Meru.

Watu wakiogopa hutafuta wa kumlaumu, na wa kwanza kuonekana huwa yule ambaye hana wa kumtetea. Kwenye baraza la chifu, mtu aliyesimama wa kwanza alikuwa Mugendi, mwenyekiti wa mfereji, amevaa koti lake la kwenda kanisani.

"Tuseme ukweli," alisema. Ndiyo, alitumia neno hilo. "Yale mabwawa yananuka mpaka sokoni. Moja limekauka kabisa, na kuna mtu amepewa kazi ya kuyaangalia. Sasa watoto wetu ni wagonjwa. Huyu mtu analala kazini ama nini?"

Wakulima wenzake waliguna kukubali, wote, kila mmoja na zamu yake. Muthamia alisimama. Alikuwa amekesha hospitalini, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi sijalala," alisema. "Nimetembea lile bomba kila siku. Nimeuliza kila mtu. Nimeuliza hata watoto. Kendi wa Makandi hukaa pale kila mara, na nyote mnajua Kendi si mtoto wa kudanganya. Muulizeni."

Vichwa vikageuka. Kendi alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu na mama yake, na alihisi vidole vya Makandi vikimbana mkono juu ya kiwiko.

"Ni kweli, Kendi?" chifu aliuliza kwa upole. "Hukuona mtu?"

 Aliona midomo ya Mugendi ikiwa imebanwa. Aliona suruali ya Muthamia, iliyochafuka tope la mashimo aliyochimba bure.

"Sikuona," Kendi alisema.

Hapohapo afisa wa bodi ya maji alimwambia Muthamia arudishe funguo na gambuti, asubiri uchunguzi. Muthamia akazivua pale pale mbele ya watu, akatembea nyumbani kwa soksi. Hakuna aliyecheka, lakini pia hakuna aliyemkopesha hata ndara.

Siku tisa baadaye Mwalimu Kajuju, mwalimu wa darasa lao, aliwachukua wanafunzi wawili kwenda kumwona Kaari. Kendi alichaguliwa bila hata kuulizwa, maana ndiye rafiki. Wodi ilinuka dawa. Kaari alikuwa amekonda hata mashavu yake hayakuonekana, nywele zimeanza kung'oka, na alizungumza polepole kwa sauti ndogo.

"Wamemwachisha baba kazi," alimwambia Kendi.

"Nimesikia."

"Analia akidhani nimelala." Kaari alifumba macho, kisha akayafumbua. "Umeniletea karoti?"

Muuguzi aliyekuwa karibu alisema mgonjwa bado anakunywa uji tu. Kendi hakumsikia. Alitoka mbio, akaketi sakafuni kwenye ujia wa hospitali, akaficha uso kwenye magoti yake. Mwalimu Kajuju alipomfikia, maneno yalitoka yote kwa pamoja: gunia, kamba, daftari la zamu, wimbo, karoti zilizosuguliwa mferejini, na zile mbili mbili alizokuwa akimpa Kaari.

Mwalimu Kajuju alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, lakini safari hii aliketi tu sakafuni kando yake.

"Na mama yako anajua kwamba hizo karoti ni mbaya?" aliuliza mwishowe.

"Alinikataza nisile."

Mwalimu aligeuza uso. Aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa na machozi na pia hasira. "Nitampigia afisa wa afya sasa hivi," alisema. "Lakini wewe utamwambia mama yako mwenyewe, leo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Halafu utarudi mbele ya lile baraza useme ulivyoniambia. Uliwadanganya hadharani, kwa hivyo utawaambia ukweli hadharani."

Jioni hiyo Makandi alikuwa akipika ugali. Kendi alisimama mlangoni, hakuingia mpaka alipomaliza kusema. Mwiko uliendelea kuzunguka, kisha ukasimama.

"Umemchoma mama yako kwa mwalimu," Makandi alisema. "Unajua hicho kiatu ulichovaa kimetoka wapi? Kimetoka kwa hizo karoti."

"Najua, mama."

"Unajua. Kila mtu siku hizi anajua." Alitoa sufuria motoni, akaketi. "Nilizisuuza mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nazisuuza mara mbili."

"Kwa maji yaleyale," Kendi alisema.

Makandi hakumpiga. Kendi alitamani angempiga. Asubuhi, kabla hata afisa wa afya hajafika, Makandi alikuwa shambani aking'oa karoti zote, kubwa na ndogo, na kuzitupa ndani ya shimo.

Afisa alimkuta Mugendi na wenzake wakiwa wameinamisha vichwa, sala ikiwa katikati na gunia likiwa ndani ya bomba. Aliwaacha wamalize sala. Kisha akawaomba daftari, na majina yote yalikuwa humo, siku na saa, kwa ule mwandiko safi.

Kwenye baraza la pili Kendi alisimama mbele. Alisema yote, na hakuficha kuwa yeye ndiye aliyekaa juu ya jiwe kuwaonya kwa wimbo. Makandi alisimama baada yake, akasema kwa ufupi kwamba mtoto alitumwa na kosa kubwa ni lake. Mugendi alianza kueleza habari za mbolea na udongo. Safari hii hakuna aliyeguna kumkubali. Chama cha mfereji kikavunjwa, wenye zamu wakafunguliwa mashtaka, na mifuniko ikafungwa kwa kufuli. Bodi ikatangaza kwamba bwawa la tatu likijaa na maji yake yakipimwa, wakulima watapewa kwa zamu, kwa ajili ya nyasi za ng'ombe tu, bila mboga. Muthamia akarudishiwa funguo na gambuti. Hakuna aliyemwomba radhi kwa sauti. Watu walimsalimia tu kwa bidii kuliko zamani, wakidhani yatosha.

Kaari alirudi shuleni baada ya wiki saba, amefungwa kitambaa kichwani. Kendi alikuwa amepangusa dawati lao. Kaari alisimama kidogo mlangoni, akamtazama, kisha akapita na kwenda kuketi dawati la nyuma, karibu na mvulana aitwaye Lennox. Hakusema neno baya. Alifungua kitabu chake tu.

Jumamosi hiyo Kendi alishuka mabwawani peke yake. Bwawa la pili lilikuwa limeanza kurudi kijani. Muthamia alikuwa akikokota takataka kwenye chekecheo, naye hakuacha kazi alipomwona.

"Nimekuja kuomba msamaha, Baba Kaari."

"Nimesikia ulivyosema barazani," alisema. "Ilikuwa vizuri. Ulisimama wima."

"Nilichelewa."

"Ndiyo. Ulichelewa." Aliegemeza reki begani. "Ile Alhamisi nilipokuuliza, Kaari alikuwa bado mzima. Ungeniambia, labda asingelazwa hata siku moja. Nilikuwa na watu wazima wengi wa kuuliza, Kendi, na sikuwaamini hata mmoja. Nikakuuliza wewe. Umeelewa kwa nini ulichofanya ni kibaya kuliko cha Mugendi kwangu?"

Kendi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimdondoka.

"Usilie, nisikilize. Wakubwa wako wakikutuma ubaya, una haki ya kukataa, hata kama ni mama yako. Na ukijua jambo linalowaumiza watu, liseme siku hiyo unayolijua. Ukilisema baadaye, bado useme, ni lazima useme. Lakini aliyeumia katikati hapo hupati namna ya kumrudishia siku zake."

"Kaari ataketi na mimi tena?"

Muthamia alitazama maji yaliyokuwa yakiingia polepole kutoka mjini.

"Sijui," alisema. "Hilo ni lake. Utamngoja, na akikataa utakubali, na wewe utaendelea kusema ukweli hata kama hakuna atakayekulipa kwa urafiki."

Kisha akachukua reki ya pili iliyoegemezwa kwenye ua na kumpa. Kendi akashika mpini, akaanza kuvuta matambara upande wake wa chekecheo. Walifanya kazi mpaka adhuhuri.